Mbuzi Ine za Hénock wa Télévision

Habari ilianzia ku mashini ya kusaga muhogo, mu mutaa wa Mususa, na wakati ilifika mu sikio ya Mama Kaswera ilikuwa imekwisha kunenepa: Hénock, ule kijana wa emission ya mapenzi ku télévision, ule mwenye alilia juu ya mwanamuke mbele ya inchi muzima, eko hapa Butembo, anatafuta muchumba. Hapana wa kucheza. Muchumba wa saison mupya, mwenye atapandishwa ndege mupaka Kinshasa, na sura yake itabandikwa ku kartoni ya sabuni.

Kaswera alijaribu kuifukuza ile habari. Alipika, ikamufuata ku moto. Alienda misa, ikaketi naye ku banc, na wakati padri alisema tuombe, Kaswera aliomba sabuni.

Juu alikuwa na binti, Séphora, miaka makumi mbili, sura ya sabuni kabisa. Tena alikuwa na magunia mbili ya kahawa nyuma ya kitanda. Ile kahawa njo ilikuwa masomo ya Séphora: mwezi wa kenda ingeuzwa, na binti aende Beni kujifunza uuguzi. Kila asubui Kaswera alipapasa magunia sawa vile mutu anapapasa mutoto mwenye homa.

Sasa tumuheshimu Hénock, tueleze kazi yake, maana hata uongo unaomba jasho. Alikulia Beni, mu mutaa wa Beu, mutoto wa mwalimu mwenye serikali ilimutuma kutoka Kasai. Mu emission aliingia kweli, hapo hakudanganya. Bijana kumi na mbili balikuwa banagombania binti mumoja. Siku ya tatu ule binti akamuambia: "Hénock, unajipenda vizuri, hauna lazima ya musaada wangu," akamuondoa. Hénock akalia dakika moja nzima, na ile dakika ikamulisha miaka mbili. Alikata riboni za salon de coiffure. Alialikwa ku ndoa za batu, analia, anakula, anarudi. Alisifu mafuta ya nywele mupaka nywele zake zenyewe zikaanza kumutoka. Kisha saison ya pili ikaleta kijana mwengine mwenye alijua kulia na jicho moja, na Hénock akabaki na telefone na suti moja, costume nyeupe.

Njo akashuka Butembo, anatafuta chai. Mama mwenye kuuza chai akamukazia macho.

"Si weye njo ule wa kulia?"

"Njo miye, mama."

"Kunywa, hapana lipa. Mais uniambie, bale bachumba banatafutwaka namna gani? Niko na binti."

Hénock akaangalia kikombe, akaangalia ule mama. Mbele ya sukari kuyeyuka, casting, ile kazi ya kuchagua bachumba, ilikuwa imezaliwa.

Alijua batu ba Butembo: bakisikia neno feza, bananusa mwizi. Donc hakuomba feza.

"Mama mukwe," akamuambia Kaswera siku alikuya kumuona, juu kwake kila mama alikuwa mama mukwe, "feza inaharibu mapenzi. Sisi tunapokea paka kahawa. Magunia mbili, njo dossier ya kuandikisha binti."

"Kahawa ya nini, baba?"

"Batu ba caméra hapana lala, mama. Unazani banakunywa nini?"

Kaswera akaona inaingia mu akili, mais mikono yake ilikuwa ingali nzito. Hénock akaguna kidogo.

"Mama Rébecca, jirani yako, ameshatoa yake. Na binti yake, ile pua, ni pua ya photo."

Ile pua njo ilimumaliza Kaswera. Siku ile ile, wakati Séphora alikuwa ku chorale ya kanisa, magunia mbili yalipanda juu ya chukudu, ile kigari ya mbao ya kusukuma, na kuteremuka kilima.

Séphora akarudi, akaona sakafu tupu nyuma ya kitanda.

"Mama, kahawa iko wapi?"

"Iko njiani, inatafuta bahati yako."

"Umepatia nani?"

"Bwana yako."

Binti hakupiga kelele. Alicheka polepole, na hapo Kaswera akaogopa, juu marehemu baba ya Séphora alikuwa anacheka vile ku soko, akiona mutu anakuya kumudanganya.

Kesho yake Séphora alijipaka poudre, akaenda mwenyewe kwa Hénock, mama nyuma.

"Star, miye nimekubali. Mais kuko kitu inakosa. Huku kwetu mapenzi bila mbuzi, nani ataamini? Kinshasa batasema ni uongo."

"Mbuzi?" akauliza Hénock.

"Mbuzi ine. Unaingia nazo mu lupango, mu kiwanja yetu, bazee banakuuliza, unajibu, unalia kidogo."

Hénock akaiona picha: costume nyeupe, mbuzi nyeusi. Miaka yote ya Beu alikuwa anaenda ku mahari za Banande, kabila ya huku, ni kweli, mais alikuwa anafika wakati sahani zinatoka. Mambo ya mbele ya sahani hakuyajua.

"Natoa wapi mbuzi ine?"

"Kuko mufanya biashara mumoja ku njia ya Kirumba. Nitakupatia numero."

Ule mufanya biashara alikubali kukodisha mbuzi zake kwa muda wa saa tatu, mais aliomba rehani. Hénock hakuwa na kitu ingine. Akapakia mu camion ya ule mutu magunia yote sita, ya bamama batatu benye balikwisha kutoa. Saa tatu ni nini?

Siku ya posho, njo Jumamosi, muchana, bazee balikuwa banaketi mu lupango ya Kaswera. Kati yao Lusenge, baba mukubwa wa Séphora, na Kahongya, shangazi, mwenye hakuwa anacheka tangu ubatizo wake. Jirani akashika telefone ya Hénock, achukue video. Mbuzi zikaingia.

"Kijana," Lusenge akauliza, "hizi mbuzi umezileta juu ya huyu binti?"

"Ndiyo, papa."

"Kwa roho yako?"

"Kwa roho yangu yote."

"Hakuna mutu amekusukuma?"

"Mapenzi tu njo imenisukuma," akasema Hénock, na machozi yakashuka, mazuri, ya kazi.

"Basi zimeingia, njo mahari," Lusenge akasema. "Moja ya nyumba ya baba. Moja ya shangazi. Moja ya mama. Na mujomba, eko wapi akamate yake?"

Kahongya alikuwa ameshafunga yake ku mugomba. Nyuma ya lupango akatokea mutu wa koti refu. Kaswera akataka kusema "Yaya Syauswa", juu alikuwa kaka yake wa tumbo moja, mais Séphora akamukanyaga muguu. Mbuzi ya ine haikungojea kuvutwa kamba. Ilimukimbilia ule mutu, ikaingiza pua mu mufuko yake, penye anachungaka chumvi ya mbuzi.

Hénock akaangalia mbuzi. Akaangalia koti.

"Papa, si weye mwenye ulinikodishia..."

"Miye njo mujomba," Syauswa akasema.

"Mais bazee, ilikuwa cinéma."

"Ulikubali mara tatu," Lusenge akajibu. "Mbuzi hazikuambiwa ni cinéma."

"Basi munipatie bibi."

"Pole, star," Séphora akasema. "Nimeangalia emission yenu. Binti eko na haki ya kuondoa. Nakuondoa."

"Basi munirudishie mbuzi."

"Tutarudisha," Lusenge akasema kwa upole. "Mu mikono ya papa yako na bandugu zake. Mutu mumoja hapana pokea mbuzi. Umulete kutoka Beni, tuzungumuze."

Hénock akafikiri papa yake, mwalimu, na fimbo yake yenye vumbi ya chaki. Akamugeukia Syauswa.

"Na magunia yangu?"

"Mbuzi zikirudi, magunia yanarudi."

"Hii si mbuzi yako, umeishika?"

"Hii nimepewa na mukwe. Ile nilikukodishia, sijaiona."

Hénock alipanda pikipiki kuelekea Beni, costume imeandikwa na kwato za mbuzi, analia bila mutu wa kumuangalia. Mangaribi camion ya Syauswa ikapita, bamama batatu bakapokea kila mumoja magunia yake. Kaswera akamushika kaka yake mukono, akamushukuru: "Wasingya, yaya." Akarudisha magunia nyuma ya kitanda, akayapapasa. Mwezi wa kenda Séphora akaenda Beni.

Bamama, bitu bya kuepuka ni hii:

Mutu anakuita mama mukwe, na jina ya binti yako hajaijua.

Dossier yenye inabebwa na chukudu.

Pua ya binti wa jirani.

Kutoa masomo ya mutoto wakati mutoto eko ku chorale.

Machozi ya mutu wa costume nyeupe.

Kusimama sana ku mashini ya muhogo.