Mbuzi wa Mama Jamna Hawachinjwi

Jumatatu, 2 Agosti 1982

Leo nimegundua njia ya kupata mabati. Niandike kabla akili haijapoa.

Hali ilivyo: nyumba yangu hapa Nachingwea ni ya nyasi, na nyasi zenyewe zimechoka. Mvua za miaka miwili tumelala na sufuria kitandani. Jana mke wangu Lusiana alitamka kwamba mvua ya mwaka huu ikimkuta chini ya nyasi hizi, anarudi kwao Marambo na barua hataandika. Mimi ni karani wa masjala, najua tofauti ya tishio na taarifa. Ile ilikuwa taarifa. Na bila Lusiana mimi si kitu. Hilo naliandika hapa tu.

Mabati madukani hakuna, kama ambavyo hakuna sabuni wala sukari. Yaliyopo mjini ni ishirini, yameegemezwa uani kwa Mama Jamna, mjane wa Kihindi mwenye duka la vitambaa. Marehemu mumewe aliyanunua ili apanue stoo. Mama hauzi. Nimeuliza mara nne.

Sasa ya leo. Saadi wa bucha alikuwa anapita mbele ya duka na mwanambuzi, kamba shingoni. Mama Jamna akatoka barazani, akamwuliza anampeleka wapi. Saadi, kwa ukweli wake wa kipumbavu, akajibu anakwenda kumchinja. Mama akaingia ndani, akarudi na doti ya khanga, akampa Saadi, akachukua kamba. Nikamwuliza hii ni biashara gani. Akanieleza kwamba kwao Mabaniani huu ni mwezi mtukufu. Nyama hawali maisha yao yote, na mwezi huu anayeokoa roho iliyokuwa inakwenda kwenye kisu amefanya ibada kubwa.

Doti nzima, wakati huu wa shida, kwa mwanambuzi asiyetosha mchuzi wa watu watatu! Na Saadi ameipata bila kufikiri. Je, akija mtu anayefikiri?

Jumatano, 4 Agosti

Ushindi. Nimemchukua mbuzi jike wa Lusiana, aliyepewa na baba yake, anayengoja Krismasi. Ruhusa sikuomba, mambo makubwa hayaombewi ruhusa. Nikakaa kwenye ngazi za duka la Mama Jamna nikanoa kisu kwa sauti, huku nikisema peke yangu kwamba saa sita ikifika mbuzi huyu hatakuwepo.

Mama akatoka. Akauliza nataka nini. Nikasema kwa unyonge kwamba mabati yangeweza kunilainisha moyo.

Akakiangalia kisu, akamwangalia mbuzi. Akasema habari ya mabati ataitazama Alhamisi ya wiki ijayo, siku ya kuzaliwa Krishna. Kwa leo akanipa mche wa sabuni na kilo moja ya sukari. Mbuzi akampaka rangi nyekundu kwenye paji la uso, akamfunga uzi mwekundu shingoni, akamlisha sukari guru kwa mkono wake na kumpa jina: Gomati. Kisha akanirudishia kamba. Uani kwake hapatoshi, kwa hiyo nikae naye mimi, pamoja na yule mwanambuzi wa Saadi. Lakini hizo ni roho zilizookolewa. Haziuzwi, hazichinjwi, zinatunzwa mpaka zife kwa uzee. Na kila asubuhi niwalete dukani, kengele ya ibada ikilia wapate ndizi.

Nilikwenda na mbuzi mmoja, nimerudi na wawili, sabuni na sukari. Saadi hajui hesabu hizi.

Lusiana ameuliza tutakula nini Krismasi. Nimemwambia mbaazi. Sabuni ameitumia hata hivyo.

Jumamosi, 7 Agosti

Nilifikiri hivi: ikiwa mbuzi mmoja ameleta ahadi, wa pili ataleta mabati yenyewe. Wa pili ambaye Mama hajamwona sina. Basi jioni nimemsugua Gomati kwa masizi ya chungu mpaka akawa mweusi tii, nikamvua uzi, nikarudi dukani na kisu. Nikamwambia Mama kwamba huyu ni mwingine, nimetoka naye Nambilanje.

Kengele ya asubuhi naijua. Sikujua kwamba ipo na ya jioni. Ililia mara moja tu. Gomati akanikokota ngazi zote tatu, akapita kaunta, akaacha masizi kwenye jora la bafta, akaenda kusimama mbele ya picha ya Krishna kungoja ndizi yake.

Mama Jamna hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alimpangusa Gomati kwa upindo wa sari yake akasema taratibu kwamba mnyama huyu ananifuata popote nimpelekapo, nami nampeleka kwenye uongo. Akasema maumivu ya mbuzi na yangu ni yaleyale, kisu hakijui nani ni nani. Anayetunza roho zilizookolewa haumizi kiumbe kwa mkono, wala kwa ulimi, wala kwa moyo. Nikiishi hivyo mpaka Alhamisi, bila nyama na bila kumtukana mtu, mabati yote ishirini ataniletea nyumbani, na fundi juu.

Niliona haya, nakiri. Haya hiyo ilichukua kama dakika mbili kuisha. Kisha nikakumbuka: ishirini, na fundi juu! Nimekubali kabla hajamaliza. Maswali sikuuliza, maana maswali huharibu bahati.

Jumatatu, 9 Agosti

Nyama nimeiweza. Mbaazi, dengu, kisamvu cha karanga. Mkono nao umetulia. Leo nimezunguka msafara wa siafu badala ya kuumwagia mafuta ya taa, ambayo hata hivyo hayapo.

Ulimi ndio kazi. Saadi amepata habari. Saa nne amekuja kuchoma maini chini ya dirisha la masjala, anapepea moshi uingie ndani, akauliza kama mbuzi wangu wameniruhusu kula kipande. Nilikuwa na majibu saba. Manne yanamhusu mama mkwe wake. Nikatoa kichwa dirishani nikasema: asante ndugu yangu Saadi, Mungu akuzidishie riziki.

Akaacha kupepea. Akauliza kama naumwa. Akachukua jiko lake akaondoka, na kila hatua mbili anageuka kuniangalia. Sijawahi kumshinda mtu vizuri namna hii, na sikumgusa. Huyu Krishna wa Mama Jamna anajua mambo.

Upande wa moyo, ulichosema moyo kuhusu Saadi kimebaki humo humo.

Jumanne, 10 Agosti

Nimetumwa kupeleka majalada Ruangwa kwa lori. Njia nzima nilijadili suala la mamlaka. Ahadi nimeiwekea Nachingwea. Je, inafika Ruangwa? Kwa uzoefu wangu wa kiofisi, hakuna agizo la Nachingwea linalofika Ruangwa kabla ya miezi mitatu.

Nikaingia hoteli ya Zaina. Wali kwa nyama. Kisha nyama bila wali. Nilikula nimefumba macho. Nilipoyafumbua, Saadi amekaa mbele yangu anapangusa kijiko. Kumbe amekuja kununua ng'ombe.

Akataja sharti la kunyamaza. Ana mbuzi majike saba, vikongwe, hawazai na hawatafuniki. Nimwambie Mama Jamna kwamba wanakwenda kuchinjwa, Mama atoe khanga, Saadi apokee, mimi nipokee mbuzi. Nimekubali. Mtu mwenye mbuzi tisa si wa kuchezewa.

Nimefika nyumbani jioni. Gomati amekuja mbio kama kawaida, akanusa mkono wangu, akageuka akaenda kulala pembeni. Nimenawa mara tatu. Ni mbuzi tu, lakini imeniuma.

Alhamisi, 12 Agosti

Siku ya Krishna. Mama Jamna amefunga tangu alfajiri. Duka limejaa maua, na kitanda kidogo cha kubembea kimewekewa sanamu ya mtoto. Saadi akaleta vikongwe wake saba. Mama akatoa khanga, akawapaka wote rangi, akawapa majina. Mmoja hana meno, ndizi akapondewa.

Kisha akaniuliza kama nimetimiza. Nikasema nimekula mbaazi mpaka nimesahau sura ya nyama. Akasema Zaina wa Ruangwa huja kwake kuchukua vitambaa, na jana alikuja.

Nikaangalia sakafu. Mama akasema aliyeanguka siku moja amesimama siku nyingine zote, na leo ni siku ya kusamehe. Mabati yanakuja.

Nililia. Kweli kabisa, mbele ya Saadi.

Saa nane akafika fundi Bernardo na mabati ishirini kwenye mkokoteni. Lusiana akapiga vigelegele. Bernardo akaanza kupima, lakini akawa anapima uwanja. Nikamwonyesha nyumba. Akasema yeye ameagizwa banda la mbuzi tisa, imara, lisilovuja.

Nimekimbia mpaka dukani. Mama Jamna akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema mume wake hakupata nafasi ya kuyatumia, naye amekuwa akiyaweka kwa ajili ya wasioumiza kiumbe. Na katika uwanja wangu, akasema kwa upole, anawajua tisa ambao hawajala nyama tangu wazaliwe.

Hata hivyo: mabati ishirini yako kwenye kiwanja changu. Anayetaka kubisha aje ayahesabu.

Jumamosi, 27 Novemba

Mvua ilianza jana saa tisa alasiri. Banda halivuji hata tone. Nyumbani vimejaa maji masufuria manne, beseni na kofia yangu.

Lusiana akafunga mzigo wake, godoro likawa juu. Nikasimama mlangoni. Nikahesabu: miaka kumi na moja ya ndoa. Akatoka, akafika njia panda ya uwanja, akasimama kwenye mvua. Kisha akakata kushoto akaingia bandani. Akatandika kati ya Gomati na yule asiye na meno.

Hakwenda Marambo! Nilitaka mabati ili Lusiana asiondoke, na Lusiana hakuondoka kwa sababu ya mabati. Naomba mtu anionyeshe mpango wangu umeshindwa wapi.

Asubuhi nimebisha hodi, nimelowa. Nimeomba nafasi. Lusiana akasema ipo, ila masharti ya humo ni ya Mama Jamna: mkono, ulimi, moyo, na nyama marufuku mpaka kufa. Nimekula kiapo, mbuzi tisa wakishuhudia. Usiku huu nitalala pakavu.

Jumatatu nitaomba ofisini nipewe majalada ya kupeleka Mtwara. Kule hatujulikani, si mimi wala Mama Jamna.