Kadi ya Maneno kwa Wageni wa Namwon

Jumatatu, 14 Oktoba

Siku njema. Nimekula mabakuli mawili ya supu, nimelala chali kwenye sakafu inayopashwa moto kwa chini, na nimepata wazo!

Kwanza hali ilivyo. Jumamosi Bwana Seol wa ofisi ya mji atakuja uchochoroni kwetu kuchagua mkahawa mmoja. Basi la watalii wa kigeni, watu arobaini, litashusha abiria wake hapo kila siku kwa chakula cha mchana, kuanzia wiki ijayo hadi theluji ianguke. Namwon nzima inapika supu ya samaki wa matopeni, lakini uchochoroni humu tuko wawili tu. Sisi, na Mama Tae-sik wa mlango wa kijani, hapo mbele yetu. Mjane, miaka sitini na mitatu, sauti ya mtu wa mnadani. Wageni wote huingia kwake. Sijui huvutwa na nini. Labda mlango.

Mke wangu amesema wazi. Tukikosa basi, tunafunga na kuhamia Incheon kwa binti yetu Yeon-ju. Ghorofa ya kumi na tisa! Mkwe wangu hula majani mabichi asubuhi. Mimi sihami.

Wazo lenyewe: mgeni anayekuja mara ya kwanza hajui neno hata moja la Kikorea. Nitamwandikia kadi. Maneno machache, adabu chache, bure kabisa. Nitaandika Kikorea, na chini yake Kiingereza, ambacho simu itanitafsiria. Na katikati ya kadi nitatia sumu kidogo: "Kwenye mlango wa kijani, vibakuli vya pembeni havilipiwi. Vikiisha sema *deo juseyo*, yaani niongezee. Mgeni mwenye adabu huongezewa mara tano."

Vibakuli hivyo ni vya kimchi, kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, na kabichi mwaka huu ni adimu. Kufikia Alhamisi Mama Tae-sik hana hata jani.

Jumanne, 15 Oktoba

Kituo cha treni, saa nne. Nimekwenda kwa baiskeli. Wameshuka wageni watatu: dada wawili wa Peru na Mholanzi anayeitwa Ruben, mrefu mno. Alijigonga kwenye kibao cha kituo kabla hata sijamsalimu.

Nikawapanga ukutani nikafundisha. *Annyeonghaseyo*, ndiyo salamu, na uiname kidogo. Kitu chochote pokea kwa mikono miwili. Vua viatu mlangoni. Usisimamishe vijiti kwenye wali, hayo ni mambo ya matanga. Usijimiminie kinywaji, mmiminie mwenzako, naye atakumiminia. Usiache bakshishi mezani, maana mwenye mkahawa atakukimbiza hadi barabarani akurudishie. Vijiti vyetu ni vya chuma na vinateleza, usione haya kuomba uma.

Waliandika yote. Wote watatu! Nyumbani nimesema mambo yaleyale miaka thelathini na miwili na hakuna aliyewahi kushika kalamu. Nilijisikia vizuri sana. Nilikuwa karibu kusahau sumu, lakini nikakumbuka, nikawagawia kadi.

Mchana nikakaa dirishani. Sinia ilitoka jikoni kwa Mama Tae-sik ikiwa imejaa, ikarudi tupu. Ikatoka, ikarudi. Mara saba. Mke wangu akauliza mbona nacheka peke yangu. Nikamwambia nimekumbuka jambo la jeshini.

Jumatano, 16 Oktoba

Wageni kumi na mmoja, wote mlango wa kijani. Kazi nzuri.

Saa tisa Mama Tae-sik akavuka uchochoro akiwa na aproni. Nikaingia nyuma ya friji. Nilijua amekuja kunitukana mbele za watu. Kumbe anatabasamu, macho yamelowa.

Akamwambia mke wangu, "Mama Yeon-ju, mwenzangu, niazime mtungi wa kimchi. Wageni wamenimaliza. Tangu baba Tae-sik afariki, sijaona watu wakiniomba niwaongezee hivi, kama watoto wangu wa kuwazaa."

Mke wangu, kwa roho yake ileile inayotutia hasara, akampa mtungi. Na si mtungi wowote. Ule wa figili, uliozikwa bustanini uchachuke tangu mwaka jana, niliokuwa nauchungulia kila Ijumaa. Halafu nikaambiwa nitoke nyuma ya friji niubebe mimi.

Ni mzito mno. Njiani nikala kipande kimoja. Kitamu! Nimeumia.

Alhamisi, 17 Oktoba

Kadi ya pili. Hii inawaleta wageni kwetu, mlango wa buluu. Lakini mtungi umeondoka na chakula ni cha kubania, kwa hiyo nimeandika hivi: "Mgeni mwenye adabu hali sana. Baada ya kijiko cha pili hupapasa tumbo na kusema *baebulleoyo*, yaani nimeshiba." Nikapiga muhuri wa mkahawa wetu chini. Nilikuwa nimeupiga kwenye ya kwanza pia. Naupenda ule muhuri.

Nimegawa kadi nane kituoni. Mmoja aliyepewa ni Ruben, ambaye alikuwa amepita kununua tiketi na hakuwa na njaa. Wengine saba wakaja. Wakavua viatu vizuri, wakainama vizuri. Wakala vijiko viwili. Kisha wote saba, kama kwaya, wakapapasa matumbo: *baebulleoyo*.

Mke wangu akaingia jikoni. Nilimwona akionja supu. Akaonja tena. Akaongeza chumvi, akaonja, akaweka kijiko chini, akazima moto. Akakaa kwenye kizingiti cha nyuma.

Akasema, "Nimepika miaka thelathini na miwili. Leo watu saba wameshiba kwa vijiko viwili. Ndiyo basi tena."

Akampigia Yeon-ju simu. Akamuuliza kama kile chumba cha Incheon kinaingia jua.

Nilitaka kumwambia ukweli. Nilifungua mdomo kabisa. Halafu nikatia wali. Nimeona aibu, sijaona aibu ya namna hii tangu nioe. Naandika hapa kwa kuwa hapa hasomi mtu.

Ijumaa, 18 Oktoba

Wale saba wameondoka na treni ya asubuhi. Nimepiga baiskeli mji mzima nikimtafuta Ruben. Nimempata kwenye nyumba ya wageni kando ya mto, akijipaka dawa kwenye paji la uso. Nikamsihi kwa simu yangu inayotafsiri: njoo kwetu, sahau kadi ya pili, tumia ya kwanza.

Akaja. Akala bakuli moja, akalinyanyua kwa mikono miwili, akasema *deo juseyo*. Mke wangu akamtazama. Akamjazia. La pili, la tatu, la nne. Uso wa mke wangu ukaanza kukunjuka, hadi akawa anamwekea vipande vya samaki juu ya wali, jambo ambalo kwangu alilifanya mara ya mwisho nilipotoka hospitali.

Hapo ningepaswa kumwambia Ruben aende zake. Lakini ni mtu wa adabu, na adabu nimemfundisha mimi. Alitaka kumshukuru mwalimu wake mbele ya mama mwenye nyumba. Akatoa kadi zote mbili mfukoni, akainama, akampa mke wangu. Kwa mikono miwili!

Mke wangu akasoma ya kwanza. Akasoma ya pili. Akatazama muhuri. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniogopesha.

"Baba Yeon-ju," akasema, "mimi jana nilidhani mkono wangu wa kupika umekwisha."

Akavuka uchochoro akamwonyesha Mama Tae-sik, ambaye alicheka hadi akashika mwimo wa mlango. Nimekula wali wa baridi peke yangu kwenye ngazi. Hata hivyo, ulikuwa wali mzuri.

Jumamosi, 19 Oktoba

Bwana Seol kafika saa sita kamili, kijana mwembamba mwenye faili. Amekula kwa Mama Tae-sik, amekula kwetu. Akatuita wote katikati ya uchochoro. Akasema amezungumza na wageni wiki nzima, na wote wanataja mlango wa kijani, ambako kuna kimchi ya figili ambayo mtu huiomba hadi mara tano. Kwa hiyo ni mlango wa kijani.

Mke wangu akavua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka chini ya kwapa. Niliiona ile ghorofa. Niliyaona yale majani mabichi.

Ndipo Mama Tae-sik akakohoa. "Mwanangu, andika vizuri. Supu ni yangu. Hiyo kimchi wanayoililia tangu Jumatano ni ya huyu hapa. Akienda Incheon, hao watu arobaini nitawaongezea nini? Na kwangu hawaenei hata wakipakatana."

Bwana Seol akafungua faili, akafuta, akaandika upya. Abiria ishirini kwake, ishirini kwetu. Mke wangu akaikunjua aproni akaivaa. Alipopita karibu na Mama Tae-sik alimshika mkono. Mimi nililia. Nikasema ni vitunguu. Hakukuwa na vitunguu.

Mke wangu amempigia Yeon-ju kwamba hatuendi. Na Bwana Seol, ambaye wageni wamemsifia sana yule mzee wa kituoni, ameomba niwe napanda basi kila siku kuwafundisha abiria maneno na adabu, kwa kipaza sauti! Mke wangu amekubali kwa sharti moja: kila kadi aisome yeye kwanza.

Jumapili, 20 Oktoba

Raha tupu. Pilipili zinakauka kwenye mikeka, jua zuri, mke wangu ananisemesha tena. Amesoma kadi mpya mara tatu, ameigeuza nyuma, ameruhusu muhuri. Ni kadi safi kabisa. Nimejifunza, na nimemwahidi.

Kuna kajambo kadogo tu. Hakuna aliyesema ishirini gani watakuja kwetu. Nimelifikiria nikiwa nimelala chali. Vijana hula kama Ruben. Wazee hula bakuli moja, husifu, hulala. Kwa hiyo wazee waje kwetu, na vijana waende wakammalize Mama Tae-sik. Tatizo ni kwamba sura za wageni hawa hazinionyeshi nani mkubwa, nani mdogo.

Lakini ni rahisi! Kwenye kadi sitaandika, kwa hiyo sivunji ahadi. Kesho nitapita kiti hadi kiti na kipaza sauti, nikianza na akina mama kwa heshima, nimuulize kila mmoja umri wake, na nitangaze basi zima lisikie, ili wajue nani wa kumwinamia nani. Si ndilo jambo la kwanza watu wastaarabu huulizana, kama sisi hapa Namwon?

Safari hii hakuna cha kuharibika. Nani atachukia kuulizwa umri?