Kombi ya Kambala

Jumatatu, tarehe 5 mwezi wa nane

Mimi Fadhili nasema wazi: Mungu angeniita siku ile anaumba dunia, kazi ingekwisha Jumatano, na mto Congo ungepata kona nzuri zaidi. Mikono hii! Shule ilinitoa darasa la nne sekondari kwa sababu ya wivu. Wivu wa nani? Wa hesabu.

Leo nimepewa kazi ya saizi yangu. Tonton Idrissa, kaka wa mama, ana kombi ya zamani hapa mtaani kwetu Simi-Simi, ile aina ya kulala ndani: kitanda cha kukunja, jiko dogo, sinki ndogo kama bakuli. Aliinunua kwa Mbelgiji mmoja aliyekuwa anazunguka nayo msituni, akilala popote kama mutu asiye na ndugu. Injini iko sawa, maana Tonton ni makanika. Ndani ndiyo balaa. Kuku wamekaa humo hata wakasahau kwamba ni gari.

Jumamosi Tonton anataka kumpeleka mke wake, Tantine Rachida, huko kwao Yanonge. Nyumba ya mama yake Tantine, ile aliyozaliwa ndani, inabomolewa Jumatatu ijayo. Watoto wa dada yake, Djamila, wanataka kujenga ya matofali. Tantine anataka kuiona kabla haijaanguka. Anataka hilo tu, hadai kitu kingine. Lakini mtumbwi wa pirogue hapandi, baleinière, ile mashua ndefu ya abiria, hapandi. Aliapa tangu maji yalipomchukua kaka yake. Pikipiki, mgongo wa Tonton hautaki. Kulala chini, mgongo wa Tonton hautaki hata kusikia. Imebaki kombi. Itavuka kwa bac, ile meli bapa ya magari, na Tantine amekubali, eti bac si mashua, ni kipande cha barabara kilichokatika.

Alexis, jirani yetu, fundi mwenye diplome na kalamu sikioni, alisema ndani angetengeneza kwa triplex, zile mbao nyembamba za kubandikwa. Triplex! Nilimuuliza mbele ya wote kama Tantine ni nyanya, asafirishwe ndani ya kasha. Watu wakacheka. Kazi nikapewa mimi. Tonton alisema kombi ikifika Yanonge, nitakuwa mkuu wa safari zake zote. Isipofika, funguo kwa Alexis. Alexis akatabasamu. Sipendi meno yake. Iko mengi.

Kuku wote wametoka, isipokuwa mmoja. Amelalia mayai ndani ya sinki. Tantine amekataza kumgusa. Mama aliyelalia hahamishwi. Donc, nina mpangaji.

Jumanne, tarehe 6

Hapa kwetu Kisangani, kiti ambacho mtu anakiinua kwa mkono mmoja si kiti, ni kofia. Kwa hiyo sikufikiri mara mbili. Kambala! Mbao ya dhahabu, ngumu kama moyo wa mwenye nyumba. Mchwa akiiuma, anatafuta daktari wa meno. Nilienda kwa wapasua mbao kando ya mto, nikawaachia redio yangu, nikapewa rundo.

Usafiri: toleka yangu, baiskeli iliyobeba nusu ya warembo wa Makiso, katikati ya mji, bila kulalamika. Ubao wa kwanza, kimya. Wa pili, ikakohoa. Wa tatu, ikapiga magoti kama katekista. Ikabidi niisukume mimi na rafiki yangu Daudi, jasho mpaka ndani ya viatu. Hapo katikati ya mlima nani anapita? Alexis. Karatasi mbili za triplex kichwani, mkono mfukoni, anapiga mluzi. Alisema, "Courage, petit." Petit! Mimi, mdogo! Nilimjibu kwamba upepo ukiudaka mzigo wake utamrudisha kwao. Hakusikia. Alikuwa amefika mbali tayari.

Daudi anachonga vitanda vya harusi. Anajua kitanda kimoja tu, lakini kitanda! Kichwani chui wawili wanatazamana kama wanadaiana. Na ana sheria yake: jamaa za bwana harusi wakikibeba bila kupumzika njiani, ni aibu. Bibi harusi atafikiri ameolewa na upepo. Nikamwambia, fanya hicho hicho. Mgongo wa Tonton utalala kama gavana.

Jumatano, tarehe 7

Akili yangu inanitisha. Kitanda cha Daudi kisingepita mlangoni. Mwingine angekipunguza. Mimi nilisema: kijengwe ndani! Bila misumari, vigingi na gundi, kila kiungo kimekamata mwenzake mpaka kiama. Jioni jua likapiga chui machoni. Nilikaribia kulia. Daudi alilia kabisa.

Halafu Daudi akaniuliza, kwa sauti ndogo, atatokea wapi. Alikuwa amejijengea nyuma, kati ya chui na kioo.

Dirishani kilitoka kichwa. Mabega yakatoka. Tumbo likakataa. Tulivuta. Watoto wa mtaa walivuta. Kuku aliinua shingo, akatuangalia, akarudi kwa mayai yake. Mwishowe Alexis alikuja na mafuta ya mawese, akampaka Daudi kiunoni kama makemba, ndizi za kukaanga, na Daudi akachomoka akaangukia ndoo. Alexis akasema kwao shuleni walifundishwa kwanza kupima fundi, halafu kitanda. Watu walicheka sana. Mimi nilicheka wa mwisho na kwa sauti kubwa kuliko wote, kwa hiyo kicheko kile nakihesabu changu.

Mlango unafunguka nusu sasa. Si neno. Mtu wa heshima anaingia kwa ubavu.

Alhamisi, tarehe 8

Kabati: kambala. Meza: kambala. Sakafu: kambala. Rafu ya sukari: kambala, na ukingo, ili sukari isikimbie. Nimepiga verni hadi naona uso wangu pande zote. Kombi nzuri, imejaa vijana wazuri!

Tonton alikuja, akazunguka, akainama, akauliza magurudumu yameenda wapi. Nikatazama. Kweli, nusu yameingia ndani. Nilimweleza kwamba gari za wakubwa zote ziko chini, ni luxe. Alisema, "Eeh, luxe," kama mutu anayemeza mfupa.

Tantine alikuwa ameketi juu ya kitanda akishona pazia, anaimba nyimbo za kwao. Akanieleza ile nyumba: ukumbi wa kukaushia samaki kwa moshi, na mahali mama yao alipokuwa anaketi kuita watoto watoke mtoni, anawaita mmoja mmoja, na akifika kwa yule aliyezama bado anaita. Nikamshikia uzi. Mimi! Akaniuliza, "Fadhili, mutoto wangu, tutafika kweli?" Nikaapa. Niliapa kwa kichwa changu, kwa toleka yangu, na kwa kuku. Akacheka, akasema basi ameamini kuku.

Vifaranga wametoka leo mchana, wamejaa sinki. Nimewahamisha wote ndani ya kikapu, na mama yao amenidonoa kama asante.

Ijumaa, tarehe 9

Jaribio. Mtaa mzima ulikuja. Tonton aliwasha, injini ikakubali mara moja, kombi ikatambaa mpaka barabarani. Kisha magurudumu yakaanza kulia. Moshi, harufu ya mpira. Nilitangaza kwamba tairi zinazoea.

Alexis alilala chali, akachungulia chini, akatoka na nyasi kwenye nywele. Akamwambia Tonton, kwa adabu ile ya kuudhi, kwamba ressort, zile springi za chini, zimelala kabisa. "Tonton, hii gari inabeba nyumba. Kitanda kitoke." Mimi nikasema hakitoki. Si ubishi, ni ukweli: kimejengwa ndani! Kutoka ni kwa msumeno tu. Alexis akasema msumeno anao. Daudi akajitupa juu ya chui, akasema wamkate yeye kwanza. Tonton alinitazama. Nikamwambia, Tonton, niachie, nitaipunguza uzito mimi mwenyewe, kesho utadhani ni unyoya.

Tonton na wazee wakaenda kuswali, wengine makwao. Nikabaki peke yangu na akili yangu. Nini kizito na hakina uzuri? Kidumu cha maji kikatoka. Sanduku la vyuma likatoka. Jeki, chuma kibaya kile, ikatoka. Na gurudumu la akiba, la nini? Manne yanazunguka, la tano linalala tu, mvivu. Nikavificha vyote nyuma ya choo, nikafunika na majani ya ndizi. Kombi ikainuka kiasi cha kidole kimoja. Ushindi!

Tonton akarudi, akauliza kama imekuwa nyepesi. Nikasema unyoya. Akanipiga begani. Sikumwambia nimeng'oa unyoya upi.

Jumamosi, tarehe 10

Tumeondoka na shangwe. Tantine kitandani, kitambaa kipya, sufuria miguuni, anapungia watu mkono dirishani. Kupitia Makiso kila mwenye toleka alipiga kengele. Mmoja akauliza, "Chef, hiyo ni gari ama salon?" Nikajibu ni gari, ni sebule, ni chumba cha kulala, akae na wivu.

Tulifika juu ya mteremko wa kivuko. Bac ilikuwa pale, mdomo wazi, inatungoja. Tonton akashuka polepole. Polepole. Halafu paa! Nilidhani ni bunduki. Ilikuwa tairi ya nyuma. Kombi ikakaa chini kama mama aliyechoka sokoni.

Tonton akasema si kitu, tunabadilisha. Akaenda nyuma. Akatafuta. Akaniita. Nikamwambia gurudumu la akiba limebaki kupumzika. Tonton hajawahi kunitukana. Leo pia hakunitukana. Alivua kofia, akaitazama ndani, kama maneno yanayofaa yangekuwa humo.

Nilisukuma. Wapagazi walisukuma. Daudi, aliyefuata kwa baiskeli ili kuwalinda chui, alisukuma. Kombi haikusogea hata kiasi cha aibu. Kulifuata gurudumu Simi-Simi ni mbali; watu wa bac walingoja kadiri walivyoweza, kisha wakapiga honi. Leo ilikuwa safari ya mwisho. Wanafanya matengenezo, hawavuki tena mpaka Jumanne. Bac ikaondoka. Tantine aliitazama kupitia pazia alilolishona, mpaka ikafika Lubunga ng'ambo. Kisha akauliza tu sufuria aiweke wapi.

Bon. Kambi ni kambi! Tulitandika mkeka kando ya kombi, mto mbele yetu. Wauza liboke, samaki wa kufungwa majani, wakaja wenyewe. Mama mmoja akaleta lituma ya moto, ndizi za kutwangwa, akakaa, hakuondoka. Tonton alijinyoosha kitandani kwa hasira na mgongo wake ukanyamaza, mara ya kwanza tangu nimjue. Alikataa kuamka. Nikawaonyesha watu chui, kikundi kwa kikundi, wavue viatu. Mafanikio makubwa! Tantine peke yake alikuwa anaangalia upande wa maji yanakoenda, upande wa Yanonge.

Jumapili, tarehe 11

Tantine alikuwa amempigia dada yake simu. Leo baleinière kutoka Yanonge imetia nanga, na kabla watu hawajashuka sauti ilishashuka: Djamila, anatutukana sote kwa majina. Akauliza tunangoja nini, kombi iote mabawa? Akanitazama juu mpaka chini. "Ndiye huyu fundi? Ulitengeneza gari, ama kaburi la chui?"

Nyuma yake wanaume wanne wanapumua kwa nguvu. Wamebeba mlango. Mlango wa nyumba ya mama yao! Djamila aliung'oa mwenyewe. Akamwambia dada yake: "Wewe unaogopa maji. Mimi naogopa kulia peke yangu. Haya, shika."

Waliuegemeza kwenye kombi. Chini kuna tundu: wakiwa wadogo, dada hawa walikuwa wakichungulia wageni hapo. Tantine alipiga magoti, akaweka jicho. Djamila akazunguka upande wa pili, akaweka la kwake. Wakaanza kucheka, wanawake wakubwa hawa, magoti kwenye mchanga, mpaka wauza samaki wakacheka bila kujua sababu. Halafu wakapanda kitanda, wakatufukuza, wakaongea mchana kutwa. Tonton akakaa nje juu ya ndoo na mgongo wake.

Nimewaambia watu kwamba Tantine hakwenda Yanonge, nimemletea Yanonge hapa. Kauli nzuri. Nimeirudia mara nyingi.

Jumatatu, tarehe 12

Djamila amerudi Yanonge asubuhi. Alexis alikuja na gurudumu la akiba na jeki juu ya toleka. Amebadilisha tairi akipiga mluzi, na Tonton akampa funguo. Haki yake, ahadi ni ahadi. Akataka kukata kitanda, aweke triplex. Tonton akasema atakayegusa kitanda kile atakatwa yeye. Kwa hiyo nani ameshinda? Funguo inaning'inia kwa Alexis, lakini chui wanalala na Tonton. Nahesabu sare, naegemea upande wangu.

Na nina mpango! Ule mlango wa mama. Nimeupima. Nautia ubavuni mwa kombi, badala ya mlango wa bati, Tantine achungulie dunia kwa tundu lake. Ni mzito, ndiyo, watu wanne walihema. Nimeshapata dawa: ubao mwingine wa kambala upande wa pili, kusawazisha. Na dari ya kambala, ishikilie vyote viwili. Daudi amekubali. Anataka kuchonga chui wa tatu.

Mchana simu ya Djamila. Paa limeshuka, ukuta wa mwisho umeanguka, vumbi limefika mtoni. Tantine alisikiliza, akasema asante dada, akarudi kutwanga lituma. Hakunilaumu. Afadhali angenipiga na mwiko.

Tairi, mteremko, matengenezo ya bac, meno ya Alexis: nimeshavisingizia vyote, na watu wengi wameniamini. Lakini gurudumu nililitoa mimi, na nyumba imeanguka Tantine hajaiona. Hiyo moja, bon, ni mimi.