Vita vya Kalavati la Bondeni

Sogeeni, enyi wenye viatu vikavu, nanyi mnaovibeba mkononi! Tegeni masikio niwasimulie habari za Kinyozi, Bwana wa Wembe, Mfyeka Ndevu, na siku aliyokabiliana na kalavati, lile bomba la zege lipitishalo mto wetu chini ya barabara.

Siku hiyo mitaa miwili ilikutana darasani kujadili mpango wa kuzuia mafuriko, nasi watu wazima tukabanana kwenye madawati ya watoto, magoti kidevuni. Watu wa juu walitaka mto upanuliwe kwao. Watu wa bondeni wakauliza, ili maji yatufikie mbio zaidi? Ndipo mvua ikaanza kupiga bati.

Fundi Cherehani, ambaye nyumba yake ni ya mwisho kabla ya kalavati, akaruka. "Jamani, sare za shule nzima ziko sakafuni! Meza yangu ilikwenda na mafuriko yaliyopita. Maji yakiingia tena, nimekwisha!"

"Tulia, shemeji!" akanguruma Kinyozi, akivua koti. "Wewe ndiye uliyemlea mke wangu. Leo mto huu utanijua mimi ni nani!"

Akashuka mtoni, mwavuli mkononi mithili ya mkuki, na jeshi zima nyuma yake, kila askari na ushauri wake. Maji yalimfika kiunoni, yakipanda, hayapiti. Akaingiza mpini wa mwavuli kalavatini, ukanasa kitu. Akavuta, akateleza, akakaa majini, akatamka maneno nisiyoweza kuyarudia, akavuta tena.

Likatoka bango refu la kitambaa, limeandikwa TUZUIE MAFURIKO PAMOJA.

Lilikuwa letu, la mkutano uliopita. Tulilifunga juu ya kalavati, kisha kila mtaa ukasema kulishusha ni kazi ya wenzao. Mwenyekiti wa mkutano akakohoa. Maji yakanguruma, yakapita, yakaenda zake.

Tukakimbilia kwa Fundi. Alipiga magoti, akapapasa sakafu yote kwa kiganja.

"Pakavu," akasema, machozi yakimtoka. "Shemeji, pakavu!"

Basi wajukuu wakiuliza mto ulishindwa lini, waambieni ni ule mwaka Kinyozi alipougua mafua, naye shemejiye akamshonea suruali ya ushindi kwa bango lile lile, na neno PAMOJA likakaa pale anapokalia.