Mhuri wa Utulivu

Kwa mamlaka aliyojipa mwenyewe, Mkurugenzi Todoroki alitangaza kwamba kuanzia Jumatatu leza zote za taasisi zitatulia. Itakayokaidi itafunguliwa jalada.

Bi Kurihara, fundi wa maabara ya chini, alijua tangazo hilo linamlenga yeye, maana leza kaidi ilikuwa yake. Ilikaa ndani ya kifaa kidogo kama bweta la chakula cha mchana, chenye atomu za kupimia mvuto wa ardhi. Atomu hizo huitikia rangi moja tu ya mwanga; leza ikiteleza kutoka rangi hiyo hata chembe, zinanuna na kifaa hakipimi kitu. Nayo iliteleza kila siku.

Kamati ya Utulivu ikaundwa. Ikapiga marufuku viatu, kukohoa, na kufyonza tambi kwa sauti. Kila mtelezo uliandikiwa ripoti ya nakala kumi na mbili, na kila nakala ilipanda kwa Mkurugenzi kugongwa mhuri. Kadiri ripoti zilivyoongezeka ndivyo leza ilivyozidi kuteleza. Kamati ikaridhika kuwa tatizo ni kubwa kuliko ilivyodhaniwa, ikaongeza nakala.

Hatimaye ikaamuliwa: msababishaji, awe yeyote, atahamishiwa Wakkanai, kaskazini ya mbali, kupima theluji. Lawama zikamwangukia Kurihara, akaitwa juu kwa Mkurugenzi. Alikuwa na mama mzee asiyestahimili baridi, na roho ilimuuma.

“Usinune, Bi Kurihara. Wakkanai kuna kaa watamu,” alisema Todoroki. Akaupulizia mhuri pumzi, akainua mkono hadi sikioni, akaigonga hati ya uhamisho. Meza ya chuma ikatetemeka.

Simu ya Kurihara ikalia. Alikuwa Nishiwaki, mwenzake wa maabarani. “Dada, imeteleza tena!”

“Saa ngapi?”

“Sasa hivi hivi!”

Kurihara akainama. Mguu wa meza ulikanyaga bomba la chuma lililoshuka moja kwa moja maabarani.

“Mkurugenzi, hebu gonga tena.”

“Kwa furaha.” Paa!

“Tena, dada!” simu ikapiga kelele.

Kamati ikakutana palepale. Wajumbe, vidole vikiwauma kwa kunakili, walikubaliana bila mjadala: “awe yeyote” ni awe yeyote. Jina la Kurihara likafutwa, la Todoroki likaandikwa. Ikabaki kasoro moja ndogo: uhamisho wenye jina jipya si halali bila mhuri mpya wa Mkurugenzi.

“Gonga taratibu basi, bosi,” alisihi Kurihara.

“Miaka thelathini sijawahi kugonga taratibu,” alijibu Todoroki, machozi ya fahari yakimlengalenga.

Akaupulizia mhuri, akaugonga juu ya jina lake mwenyewe. Kule chini, leza ikateleza kwa mara ya mwisho.