Krosanti Zenye Alama ya Kidole Gumba

Jumatatu, 3 Machi
Sikulala. Jirani wa chini kaanza tena saa kumi alfajiri: pu, pu, pu. Mwaka mzima sasa, wala sijui anatwanga nini. Nimemwandikia mwenye nyumba barua kali, aya nne. Chini nikaweka: Sisi wapangaji wote. Hatujakutana, lakini najua yaliyomo mioyoni mwao.

Kazini kuna jambo. Mhariri anatafuta mtu wa ukurasa wa vyakula. Atakayemletea hadi Jumamosi makala kuhusu mikate bora ya Kifaransa hapa mjini, na mahali inapopatikana, ukurasa ni wake. Miaka tisa nasahihisha nukta za wenzangu. Nautaka ukurasa huu kwa udi na uvumba. Mshindani ni mmoja tu, yule anayeandika utabiri wa nyota. Nikamuuliza nyota zake zinasemaje. Akasema zinanishauri nipumzike.

Jumanne, 4 Machi
Duka la kwanza, jirani na benki. Nilikwenda na rula na sindano. Nikanunua krosanti, ule mkate wa siagi uliopinda kama mwezi mchanga, nikaukata katikati, nikahesabu tabaka kwa ncha ya sindano. Nilipofika ishirini na tatu uvumilivu uliniishia, nikala ushahidi. Nje unavunjika, ndani laini. Pembeni una kibonyo, kama mtu kakandamiza kwa kidole gumba. Muuzaji akasema ndiyo alama ya mpishi wao, kasomea Ufaransa.

Jumatano, 5 Machi
Duka la pili, ng'ambo ya mji. Bageti zao, ile mikate mirefu kama fimbo, unaweza kuzitumia kupigilia misumari. Lakini krosanti! Na kibonyo kilekile. Mwenye duka akaapa kwamba mpishi ni wao peke yao, kasomea Ufaransa. Duka la tatu, maneno hayohayo, kibonyo hichohicho. Wapishi watatu, kidole kimoja? Udadisi umenitoa akili. Nimepitisha kosa kwenye kichwa cha habari, ukurasa wa kwanza.

Alhamisi, 6 Machi
Kelele za chini ziliniamsha, nikazitumia. Nikajibanza nyuma ya mapipa ya taka ya lile duka la benki. Saa moja kasoro akaja mwanamke na baiskeli, sanduku la bati nyuma. Akashusha trei zinazofuka mvuke. Akageuka. Jirani wa chini!

Nikajifanya natafuta ufunguo pipani. Akaniita kaka, akaniuliza kama nimeamka salama. Nikamuuliza kuhusu krosanti, akaeleza bila kuficha. Anapikia maduka yote matatu. Ufaransa haijui, alifundishwa na shangazi yake. Huku za leo zinaiva, anaandaa za kesho: siagi baridi inapigwa kwa mti wa kusukumia unga mpaka iwe bapa, kabla jua halijapasha nyumba. Ikiyeyuka, hakuna tabaka. Kumbe zile pu, pu ndizo tabaka zangu ishirini na tatu.

Kisha akatoa barua ya malalamiko dhidi yake. Mwenye nyumba kampa hadi Jumamosi awe amehama. Kwa kuwa mimi ni mtu wa gazeti, akaomba nimsaidie kujua nani kaiandika. Niliisoma, aya zote nne. Nikamwambia aliyeiandika ni mtu mwenye elimu.

Ijumaa, 7 Machi
Nimepeleka barua ya pili: Sisi wapangaji wote tunampenda sana. Mwenye nyumba akauliza awasikilize wapangaji wote wa Jumatatu au wa Ijumaa. Akasema ile ya kwanza ni nzuri zaidi, hajapata kusoma barua ya kuchoma namna ile. Hapo ningesema ni mimi, yakaisha. Badala yake nilimshukuru, kwa niaba ya mwandishi.

Jumamosi, 8 Machi
Amehama. Kabla ya kuondoka alipita mlango kwa mlango na sinia, akiomba radhi kwa kelele. Kwangu aliacha krosanti mbili, kwa sababu eti nilimhangaikia. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Nilizila zote nikiwa bado nimesimama mlangoni.

Mhariri alipenda makala. Akauliza mpishi anapatikana wapi sasa. Sikujua. Mwandishi wa nyota alijua: kampangisha chumba chake cha uani. Ukurasa ni wake. Nikamuuliza alimgunduaje, kwa ujanja gani. Akasema alimwona na baiskeli, akamuuliza sanduku lina nini.

Jumapili, 9 Machi
Nimelala mpaka saa nne. Kimya kitamu. Mhariri kapiga simu, kanionea huruma, kanipa nafasi nyingine: nimtafutie kahawa bora kuliko zote mjini. Safari hii sikosi. Ila kazi ya uchunguzi inataka mtu aliyelala vizuri, na mchana huu mpangaji mpya wa chini kaingia na magunia na mashine. Inasaga tangu saa nane, sakafu inatikisika, na harufu nzito ya kitu kilichokaangwa imeingia hadi kwenye shuka zangu.

Nimeshika kalamu. Kwa mwenye nyumba: Sisi wapangaji wote. Nadhani aya tano zitatosha.