Pango Nililomchorea Talib

Jumatano, 10 Septemba 2025

Bi Ummkulthum, mwenye mchezo wetu wa dadu na ramani, ametangaza: shujaa atakayefika mbali zaidi ifikapo Jumapili, mchezaji wake ndiye atakayechora nchi mpya. Nimeshtuka. Mchoraji ni mimi! Miaka miwili barazani kwake Mkunazini, safari ya kila shujaa naichora mimi kwa wino mwekundu. Na anayeongoza nani? Talib, fundi saa! Shujaa wangu bado yuko nyumbani kwake, anafunga mizigo.

Nimepata dawa. Njia ya Talib nimeipinda hadi kwenye pango la zimwi. Akiingia ataliwa, akiliwa katoka mchezoni. Roho yangu kwatu.

Alhamisi, 11 Septemba

Ramani nimeipaka chai ionekane ya kale. Chai ilikuwa na sukari. Sisimizi wamekula Milima ya Kaskazini yote, na barabara zake. Pango limesalimika, alhamdulillahi.

Jioni shujaa wa Talib akafika pangoni. Akapiga hodi. Mara tatu! Hakuitikiwa, akageuka akaenda zake. Nikamwambia pango la zimwi halipigwi hodi. Mwenzetu Yusra akanikodolea macho: kwani zimwi hana mke ndani? Bi Ummkulthum akasema hodi tatu zisipojibiwa mtu huondoka, ndiyo adabu. Adabu! Nimekosa usingizi kwa hasira.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimechora bawabu mlangoni, kazi yake kuitikia "karibu" tu. Talib kaingia. Nikasugua viganja.

Yusra akauliza zimwi kapika nini. Nikasema hajapika, anamla mgeni. Wakanizomea! Bi Ummkulthum akarusha dadu, akapata sita: wali na pweza wa nazi. Talib akala, akashiba, akaomba ukoko. Wakakata shauri kwamba waliokula sahani moja hawalani. Zimwi akamsindikiza mpaka njia panda, akaahidi na yeye kwenda kumtembelea.

Jumamosi, 13 Septemba

Zimwi kaenda ziarani. Kaskazini imeliwa na sisimizi, kwa hiyo barabara iliyobaki ni moja, nayo inapita mlangoni kwa shujaa wangu. Nikaazimia kunyamaza. Bi Ummkulthum akagonga meza: "Hodi!"

"Karibu!" Ulimi huu! Nikakana. Baraza nzima ilisikia.

Nikarusha dadu, nikapata moja: jikoni hamna hata mbatata, vyakula vyote vimo kwenye mizigo. Zimwi hakupata cha kula, akamla mwenyeji. Nimelia. Sifichi, nimelia mbele za watu.

Jumapili, 14 Septemba

Talib kashinda. Akapewa kalamu, akanirudishia papo hapo. Kasema hajui kuchora hata chungwa, yeye alikuwa akitembea tu kwa kuwa ramani zangu zinampendeza. Akaniomba radhi kwa niaba ya zimwi. Nikamsamehe kwa mdomo.

Nchi mpya nimeshaianza. Talib nimemzungushia kinamasi kinachomeza watu, hakina kivuko wala daraja. Yusra akauliza shujaa wangu mpya ataishi wapi. Nikamwambia nyumba nimeshamjengea, katikati ya kinamasi hichohicho, pahala ambapo hakuna mgeni atakayemfikia.